Kitanda cha Mama Yake Bu Saad

Jamaa zangu wa chumba cha mtaa wa Najma, mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, wengine na mswaki mdomoni, mimi na Hawa tulikwenda kutafuta nini huko jangwani. Naandika mara moja, mpokezane simu, kisha mniache nipumzike.

Nilipoiita safari ndefu mlicheka. Ni kweli, Qatar unaimaliza kwa gari na chai ya kwenye chupa bado ya moto. Lakini mimi na mke wangu tumeoana miaka sita na hatujawahi kusafiri pamoja hata kutoka Tanga kwenda Muheza. Tulifunga ndoa, wiki chache baadaye nikaja huku kulinda mlango wa mnara West Bay, zamu ya usiku. Yeye akanifuata baadaye kwa wakala wa hoteli, anatandika vitanda mchana. Analala hosteli ya wanawake, ambako mwanamume havuki geti hata akiwa na cheti cha ndoa cha dhahabu. Mimi nalala nanyi na soksi zenu. Tunaonana Ijumaa, kwenye benchi la Corniche, pale ufukweni, katikati ya mataifa yote ya dunia. Mama mkwe anapiga simu kuuliza mbona kimya, hakuna mjukuu? Namwambia Mungu hajajaalia. Na Mungu naye angejaalia vipi, pale kwenye benchi?

Sasa mkataba wa Hawa ulikuwa unakwisha, na hoteli ilitaka jibu Jumapili: anaongeza au anarudi Tanga. Mimi nilishapata chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kidogo, jiko la kuchangia, lakini chetu wawili. Nikampelekea habari nikidhani atapiga vigelegele.

"Chumba sawa," akasema. "Lakini tutakaaje humo, Athumani? Mimi sikujui."

"Hunijui? Mimi mumeo!"

"Ndiyo hilo ninalosema."

Akataka tuchukue ofu, tukae pamoja kama mke na mume hadi Jumamosi, halafu atajibu. Hakuwa anatania. Akiona hatuwezani, anapanda ndege, na mimi nabaki na funguo za chumba. Nilicheka pale, lakini kesho yake nikaomba ofu.

Na hayo makumbusho tuliyoyafuata jangwani yaliingiaje? Lawama ni ya wazee wawili wa Kimarekani, mtu na mkewe, ambao Hawa aliwasafishia chumba hotelini. Walimwonyesha picha kwenye simu. Wamestaafu, wana gari, wanazunguka nchi yao yote kutazama makumbusho ya vitu vya ajabu: nyumba imejaa nyaya za miba, nyingine mashine za kufagilia, nyingine haradali tupu, na bibi mmoja aliyekusanya vichupa vya chumvi mpaka hana pa kukaa. Mimi niliona ugonjwa. Hawa aliona kitu kingine. "Wanacheka kwenye kila picha," aliniambia. "Wamesimama mbele ya waya, wanacheka." Akaulizia kwa madereva, akaambiwa hata hapa wapo matajiri wenye nyumba za vikorokoro. Basi, tukawa Wamarekani.

Kutoka Najma hadi geti la wanawake

Gari mnalijua, ni lile jeupe la Otieno. Alinikabidhi funguo kama mtu anayeozesha binti yake. "Buda, hii gari usiikimbize. Ikichemka, iache ipoe kwanza. Ukiimwagia maji ikiwa moto upasue injini, utanilipa na figo, nimekushow."

Alhamisi nikafika geti la hosteli, nikaambiwa nisubiri ng'ambo ya barabara. Mlinzi alikuwa Mganda, mwenzangu kabisa wa kazi, lakini alinitazama utadhani nimekuja kuiba geti. Nikasimama juani. Hawa alipotoka alikuwa na begi moja la nguo na matatu ya chakula: maandazi, chapati, kuku wa kukaanga, na juu yake ndala za hoteli za kutosha msikiti mzima.

"Tunakwenda Shahaniya, si Sudani," nikamwambia.

"Mimi sijui unakula nini asubuhi. Nimebeba vyote."

Nikajibu kwamba asubuhi huwa sili, huwa nalala. Akafunga mlango wa gari kwa nguvu, tukaondoka.

Shahaniya, birika na simu zisizolia

Njiani tulisimamishwa na ngamia. Wamevaa mablanketi, wanatoka mazoezini, wanavuka barabara kwa heshima zao, na magari ya thamani yote yamenyamaza kimya kuwasubiri. Hawa akatoa maandazi tukala. Ngamia mmoja alitukodolea macho mpaka nikaona aibu, nikageuza uso.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ndani ya shamba la mtu, na yalikuwa yamefungwa. Mtunzaji, Mhindi wa Kimalayali mwenye masharubu, alikuwa amelala. Tuligonga, akatuambia kupitia dirishani kwamba bosi anataka wageni, yeye anataka usingizi, tusubiri tuone nani atashinda. Usingizi ulishinda hadi alasiri.

Ndani: mabirika. Ukuta hadi ukuta, mabirika ya kahawa, makubwa ya kuogeshea mtoto na madogo ya kuwekea wanja. Kwetu birika likitoboka linapandwa mchicha. Huku linawekewa taa. Chumba cha pili kilikuwa cha simu za kuzungusha kwa kidole. Mtunzaji aliinua mkono wa simu moja baada ya nyingine, anaweka sikioni, anatikisa kichwa kwa huzuni, anairudisha. Alitupitisha chumba kizima hivyo hivyo, kana kwamba huenda mojawapo ikajibu. Hawa alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumwona anacheka hivyo, na nilifurahi kupita kiasi.

Lakini hapo ndipo ugonjwa wangu ulipojitokeza. Nikiona mlango, nasimama kando yake, mikono nyuma. Sijijui. Familia ya Kifilipino ikaingia, baba akanisalimu kwa adabu, mama akafungua mkoba anionyeshe ndani. Nami, wallahi, nikachungulia.

"Pita, mama," nikasema.

Hawa aliona yote. Hakusema kitu pale. Garini ndipo aliposema, "Hivi mimi nimekuja na nani?"

Kwenye shamba la watu

Pa kulala tulipewa na Juma wa Unguja, mpishi kwenye izba, yaani shamba la mapumziko la bosi wake. Bosi yuko Ulaya, kwa hiyo Juma alikuwa sultani.

"Karibuni, karibuni! Miye n'talala kwa Wanepali, nyie chukueni chumba changu. Bwana harusi huyo!"

"Miaka sita," Hawa akamjibu.

"Basi harusi ya muda mrefu hiyo."

Akatupikia wali wa nazi na samaki wa huku, hamour, kapakwa tui na ndimu mpaka nikasahau kazi, mnara na jangwa lote. Tulikula sinia moja. Hawa alinichambulia miiba, na mimi nikamsogezea minofu ya shavuni, kila mtu akijifanya mzoefu.

Ya usiku sina la kusimulia, na hapo ndipo ubaya ulipo. Miaka sita mwili wangu umefundishwa kwamba giza ni kazi. Nililala kidogo, macho yakafunguka, nikatoka, nikavuta kiti cha plastiki nikakaa mlangoni hadi alfajiri nikilinda matikiti ya Mwarabu. Jua lilipochomoza usingizi ukanijia mtamu. Hawa alikuwa ndiyo anaamka. Ijumaa ikaisha hivyo: yeye akimsaidia Juma kumenya vitunguu na kutembea peke yake kwenye mitende, mimi nikikoroma mchana kweupe. Jioni nilimkuta amekaa kwenye ngazi, macho mekundu. Akasema ni vitunguu.

Usiku wa pili niliapa nitalala. Kiti kikaniita tena.

Barabara ya kaskazini

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho. Nilitoka na nia ya kuwa mume bora kuliko wote barabarani, na gari la Otieno likachemka katikati ya hakuna kitu. Mbele mchanga, nyuma mchanga, moshi juu ya boneti.

"Iache ipoe," nikasema kwa sauti ya fundi.

Tukakaa kwenye kivuli cha gari, ambacho saa hizo kilitosha mtu mmoja na nusu.

"Ukinijibu sasa hivi, utasemaje?" nikamuuliza.

"Jioni bado."

"Nataka kujua tu."

"Ningesema narudi." Alikuwa anachora mchangani kwa kidole. "Hunipigi, hunitukani, nguo unafua mwenyewe. Lakini nikiamka hupo, nikilala hupo. Sasa kitakachonipeleka Fereej Bin Mahmoud ni nini, jiko la kuchangia?"

Nilitaka kujibu kitu cha maana. Likaja lori. Akashuka dereva, Mpathani mwenye ndevu nyekundu, hakuuliza chochote, akafungua boneti, akalitukana gari kwa Kipashto, akarudi na dumu la maji na mkate mkubwa wa tanuri. Akataka kujua tunakwenda wapi. Nikamwambia makumbusho. Akatazama lile jangwa pande zote, akatutazama sisi, akatuongezea mkate wa pili. Nadhani alituonea huruma, kwamba jua limeshatuingia kichwani.

Nyumba ya Bu Saad

Ilikuwa nyumba ya zamani ya matope na mawe ya bahari, kijijini kaskazini kabisa. Mwenyewe, Bu Saad, ni mtu wa makamo, mnene, mchangamfu, ambaye ametoka kwenye nyumba ile akahamia jumba la jirani, na ile ya zamani akaigeuza makumbusho ya wazazi wake. Kila kitu walichowahi kukishika kimo: nyavu za baba, taa, redio, masanduku ya nguo, chanuo, hata mswaki, vyote kwenye vioo na vimepangwa sawasawa. Alitukaribisha kwa furaha, Kiarabu chake na changu cha getini vikaelewana. Akatuambia tuzunguke kwa uhuru, yeye anakwenda nyumbani kutuletea kahawa.

Mimi nikasogea mlangoni. Nisameheni, ndivyo nilivyo. Likaja gari la Wafaransa, wakanyosha mikono nusura nianze kuwapapasa mifukoni. Nikawaonyesha pa kuvulia viatu. Nikamkataza mtoto wao asiguse nyavu. Nilikuwa nimenoga kabisa.

Hawa wakati huo yuko ndani kabisa, chumba cha mwisho. Humo hamna kioo. Kuna kitanda cha chuma, shuka limevurugika, mto umebonyea, shela jeusi limetupwa mguuni, kandambili moja huku na nyingine kule. Yeye akaona nyumba nzima safi, chumba kimoja hakijaguswa. Akamkumbuka kijana wa Kibangladeshi tuliyemkuta anafagia uani, akasema moyoni, masikini, kasahau, na bosi anarudi na kahawa. Akamsaidia.

Mnajua anavyotandika Hawa? Shuka likanyooka kama karatasi, pembe zikakunjwa za kihoteli, mto ukapigwa ukafura. Kandambili zikasimama pamoja. Na shela, kwa mazoea ya mikono tu, akalikunja bata. Yule bata wa taulo wanaomwacha kitandani mwa wageni. Bata mweusi, mwenye shingo.

Nilimsikia Bu Saad akipita na sinia, akimsemesha Hawa kwa uchangamfu, kisha akakatisha neno katikati. Nikakimbia. Nilimkuta amesimama na sinia mikononi, anamtazama bata. Yule Mbangladeshi alikuwa nyuma yangu, akaona, akashika kichwa.

"Nani?" Bu Saad akauliza, taratibu kabisa.

 Hawa angeweza kunyamaza, na lawama ingemwangukia yule kijana. Huku tunajua inavyokwenda.

"Mimi," Hawa akasema. "Si yeye. Mimi nimetandika."

Bu Saad akaketi chini sakafuni, na sinia lake. Ndipo akaeleza. Kile kitanda ni cha mama yake. Asubuhi moja waliamka wakampeleka hospitali, hakurudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa. Wadudu walipigwa dawa kwa mbali, vumbi lilipulizwa kwa mdomo. Kila asubuhi yeye huja, hutazama mama alipokuwa amelala, huenda zake kazini.

Hawa alilia. Si kilio cha kuomba msamaha, alilia kama aliyefiwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na kwa aibu niwaambie, nilijiuliza pia kama atapiga simu polisi.

Hakupiga. Alisema, "Irudishe hali ilivyokuwa."

"Nitairudishaje? Sikuiangalia, nilikuwa natandika."

"Mimi nimeiangalia," akasema Bu Saad.

Hapo pakaanza kazi ambayo sitaisahau. Ili shuka libonyee kama lilivyobonyea, lazima mtu alale. Na mtu wa kulala kitanda cha mwanamke ni mwanamke. Na mwanamume wa watu hawezi kusimama akimtazama mke wa mtu amelala. Basi Bu Saad akatoka, akasimama ukumbini, mgongo kwetu, anaelekeza kwa sauti. Mimi nikabaki ndani napeleka habari. Nikawatoa Wafaransa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa na sababu.

"Anatazama dirishani," ikaja sauti. "Alipenda kuona nani anaingia uani."

"Geukia dirishani," nikamwambia Hawa.

"Mkono wa kulia chini ya shavu. Goti la kushoto juu, la kulia limenyooka, lilikuwa halikunjiki. Mto ameuvuta chini, karibu na bega."

Hawa anafanya, anainuka, anatoka. Bu Saad anaingia, anatazama, anatikisa kichwa. "Alikuwa mwembamba zaidi. Mwambie asijiachie." Anatoka. Hawa analala tena. "Shuka hakulitoa kwa mkono, alilisukuma kwa mguu." Tena. "Kwanza aliketi kidogo, akasoma dua, ndiyo akashuka." Tena. Alijua kila kitu. Alijua mama yake alianza kushusha mguu gani, na kwamba kandambili ya kushoto alishindwa kuipata akaiacha. Mimi nimesimama hapo nahamisha maneno, na namtazama mke wangu amelala ubavu, macho amefumba, na nikaona ana kovu dogo nyuma ya kisigino. Sikuwahi kulijua.

Sijui mara ya ngapi, Bu Saad aliingia, hakutikisa kichwa. Akaliokota shela, akalitupa mguuni mwenyewe. Halikuangukia alipotaka, nafikiri, maana alinyosha mkono kulirekebisha, kisha akauacha mkono hewani.

"Khalas," akasema. "Imetosha."

Akafunga mlango wa kile chumba, akatupa kahawa, ilishakuwa baridi, na tende. Akamwambia kijana wake, mbele yetu, kwamba yeye hana kosa. Akatusindikiza hadi garini. Kama ilirudi sawa au aliamua tu kutusamehe, hilo sitalijua.

Kurudi

Tukafika mji wa Al Khor. Nikasimama kituo cha mafuta, nikanunua chai ya karak, ya maziwa na iliki, vikombe viwili. Hawa hakunywa.

"Athumani. Ningekufa mimi leo, ungemwelekeza mtu?"

"Usiseme hivyo."

"Nalala upande gani?"

Jamani, mimi nimelala na mwanamke yule kitanda kimoja siku za harusi, na siku mbili hizi kwa Juma. Nikajitahidi kuona. Nikaona kiti cha plastiki na matikiti.

"Kulia," nikasema.

"Kushoto."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitazama tu nje, kwenye malori yanayojaza mafuta, na nikajua ndege yake imeshawasha injini. Nikaogopa kweli. Nikatoa simu nikampigia msimamizi wangu, Mnepali wetu mnayemjua, palepale, sauti ikiwa juu ili Hawa asikie. Nikamwambia naomba zamu ya mchana, mlango wowote.

Akacheka sana. "Watu wote wanalia wapate usiku, wewe unataka mchana? Nina geti moja tu la mchana, la maegesho. Halina kivuli. Unajua Juni inakuja?"

"Najua."

"Nikikupa, sikurudishi."

"Nipe," nikamwambia.

Akanipa, akakata simu huku bado anacheka. Hawa akachukua kikombe chake. Chai ilikuwa imeshapoa, akainywa hivyo hivyo. Tukaingia barabarani. Minara ya West Bay ikaanza kuonekana, mdogo mdogo, na mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

"Hicho chumba cha Fereej," akasema. "Kitanda kipo?"

"Kipo. Kimesogezwa ukutani."

"Basi mimi nalala upande wa ukuta. Ushike hilo."

"Upande wa ukuta."

"Nini?"

"Upande wa ukuta," nikarudia, na nikaendelea kurudia kwa sauti kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura, mpaka alipocheka, ndipo nikanyamaza.